Historia ya Mama Mpangaji, Aliyegeuza Kila Gamba

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshonaji, katika nyumba iliyo nyuma ya soko la samaki, akaanza shule ya msingi mtaa huohuo mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1980, na mwaka 1984 akahitimu chuo kikuu katika somo la viumbe wa baharini, ingawa baba yake aliendelea hadi kufa kuwaambia watu kwamba binti yake amesomea samaki.

Julai mwaka huohuo aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa pwani, kitengo cha sensa ya chaza, kome na konokono, ambako kila kilichonaswa, hata kaa, viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, na majongoo ya bahari, kilipaswa kutambuliwa kabla ya kurudishwa majini, na hapo ndipo taabu yake ilipoanza, maana wenzake walihesabu kila gamba la konokono kuwa konokono, ilhali mengi yalikuwa na kaa wadogo waliohamia humo baada ya konokono kufa.

“Jamani, huyu ni mpangaji!” alikuwa akifoka. “Mwenye nyumba alishakufa zamani. Geuza uone miguu!”

Mkuu wa kituo alimjibu kwamba gamba ni gamba, mwaka 1991 ufuo ukafunguliwa kwa wavunaji kwa hesabu hiyo, wakajaza ndoo, wakaenda kuchemsha kaa wasiotosha hata kijiko. Jina la Mama Mpangaji likamganda tangu hapo.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi wa injini za boti, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1988 na 1995, waliokua wakigeuziwa sahani, viatu na visingizio. Alistaafu Machi 2021.

Tangazo lililobandikwa getini linasema aliugua kwa muda mfupi. Si kweli, na yeye asingekubali lipite. Maumivu ya tumbo yalianza Februari 2022, akayaita gesi, akanywa dawa za gesi miaka miwili, na kila mara binti yake mdogo, aliyeandika historia hii, aliposema, “Mama, twende ukapimwe,” alijibiwa, “Mwanangu, tumbo langu nalijua mwenyewe,” na mtu yuleyule aliyegombeza watafiti maisha yake yote kwa kutaja kitu bila kukigeuza. Alipasuliwa Aprili 2024, ikakutwa kansa ya utumbo imeshasambaa. Alipoambiwa, alimgeukia binti yake huyo.

“Andika hivyohivyo. Usije ukaandika gesi.”

Alifariki tarehe 2 Juni 2024, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomweleza ukweli bila kuuzungusha, majirani waliopika na kufagia tangu jana, na wafanyakazi wenzake walioleta kapu la magamba ya kupamba kaburi, na mawili kati yake imebidi yarudishwe ufuoni leo asubuhi, kwa kuwa yalianza kutembea mezani.

Pumzika sasa, Mama. Tutageuza sisi.