Msinililie Mpaka Mbegu Iishe

Leticia, niinue kidogo mwanangu, ule mto mgumu uweke chini na wa sufi juu, na dirisha liache wazi hata kama mvua inaingia, maana nimeisubiri tangu Novemba na leo sina ubavu wa kuifungia nje. Valence, vua hivyo viatu vya mjini ukae mkekani na wenzako. Beda, acha kuchungulia uani, wale watu hawatatoroka. Nisikilizeni ninyi watatu mliobaki katika saba niliowazaa, kwa sababu mama yenu ana maneno mengi na pumzi kidogo, na nikikohoa msinikimbilie na maji, subirini nimalize ninachosema.

Najua wosia wangu mmeusikia mara mbili. Wa kwanza niliutoa Juni, baridi ilipokaza mpaka maji ya mtungini yakawa yanauma meno, nikawaaga wote, mkalia vizuri sana, na kesho yake asubuhi nikaomba ugali. Wa pili niliutoa Oktoba, Valence akapanda basi kutoka Songea na shati jeusi kwenye begi, akakaa siku nne, akaondoka amenuna kwa sababu hakuna aliyekufa. Sikukulaumu, baba, una duka lako la mitumba na wateja hawasubiri. Lakini leo ni kweli. Miguu yangu siisikii tangu juzi, na mimi nimekuwa na hii miguu miaka sitini na mbili, najua ikiwa ipo na najua ikiwa haipo.

Mwaka huu umetutesa, wanangu. Kipupwe kiligoma kuondoka mpaka Agosti ikaisha, kikaunguza maharage yote ya bondeni, halafu jua likashika zamu yake nalo likagoma. Novemba hakuna kitu, Desemba hakuna kitu, Noeli tumekula mihogo na kumshukuru Mungu kwa mihogo, padre akaanzisha novena, Waislamu wale wa kando ya barabara ya Tunduru nao wakaomba dua, na watu wakaanza kuulizana ni nani aliyemkosea Mungu, wengine wakiuliza huku wanatazama nyumba yangu. Hata mimi nilikuwa naitazama nyumba yangu. Ndipo jana alfajiri nikasikia tone moja kwenye bati, nikasema ni panya, likaja la pili, nikasema ni panya wawili, halafu likaja hilo mnalolisikia mpaka sasa. Nililia. Sioni haya kusema nililia, na harufu ya vumbi lililoloa ilipoingia hapa ndani nilitamani niinuke nishike jembe, nikakumbuka sina miguu.

Sasa tazameni balaa lilivyo. Juzi padre alinipaka mafuta. Jana mvua imenyesha. Na leo uani kwangu wamekaa watu arobaini na kitu chini ya turubai alilolifunga Valence, wakinywa togwa yangu kwa huzuni, na majembe yao yamelala nyumbani. Desturi ya kijiji hiki mnaijua: mtu akifa, jembe haliingii shambani mpaka azikwe na matanga yaanuliwe siku ya tatu, na anayevunja analipa mbuzi. Na mgonjwa aliyekwisha kupakwa mafuta watu humkalia, si sheria, ni adabu tu, maana nani anataka kuwa katikati ya mstari na mbegu mkononi halafu asikie kilio? Kwa hiyo wamekaa. Wananisubiri mimi. Kila anayeingia hapa ananiuliza mama unajisikiaje, na kabla sijajibu anatazama dirishani, anatazama mvua, anashusha pumzi.

Nikifa leo jioni, kuzika ni keshokutwa, kwa sababu hamtakubali kunizika kabla ndugu wa Nakapanya hawajafika, na barabara ile mnaijua ikiloa. Ongeza matanga. Hizo ni siku tano, wanangu, na mvua iliyochelewa hivi haina ahadi na mtu, inaweza kukata kesho na udongo ukarudi kuwa tofali. Na mwaka huu hakuna pa kukimbilia. Ushirika umebaki bango na mlinzi. Malori ya wafanyabiashara yalikuja Agosti yakabeba mahindi yetu yote mpaka ya akiba, tukachekelea soko huria, tukanunua redio, na sasa redio haziliki. Mbegu hiyo wasipoiingiza ardhini juma hili wataila. Watoto wa kijiji hiki watalala njaa kwa sababu Aurelia alichagua siku mbaya ya kufa, na kila atakayepita kwenye kaburi langu atanisonya. Mimi kufa siogopi. Naogopa kusonywa nikiwa pale chini na siwezi kujibu.

Na wa kunisonya kwa haki yupo, yule jirani yetu Egidi, aliyekaa pale uani peke yake kwenye kigoda, mnamwona, amegeukia ukuta. Ninyi mmekua mkijua Egidi hali kwangu na mimi siombi moto kwake, lakini sababu mliisikia nusunusu, kwa hiyo leo mnaisikia kwangu. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, tumehamishiwa hapa kijijini, chakula hakuna, baba yenu Yohanes yuko mkongeni Tanga ananitumia barua zisizo na kitu ndani. Wewe Beda ulikuwa mgongoni. Mvua ilichelewa hivihivi, na siku iliponyesha, asubuhi ileile, mama yake Egidi akafariki. Kijiji kizima kikaweka majembe chini. Mimi nilikwenda, nikalia kwa sauti kuliko wote, kisha nikasema mtoto anaharisha, nikapitia nyuma ya mianzi mpaka bondeni, na nikapanda. Nilipanda mbegu yote, mistari kumi na minane, wewe mgongoni unalala na kule juu watu wanaimba nyimbo za mazishi, na mimi nikawa nafuata wimbo, jembe, mbegu, jembe, mbegu.

Nikarudi kwenye mazishi nimejifunga khanga mpaka kwenye vidole, kumbe matope yako mpaka kwenye nyusi. Nikasema nimeteleza mtoni. Siku ya saba mahindi yakaota, yamenyooka mistari kumi na minane, kijiji kizima kikiwa ndiyo kwanza kinanoa majembe, na hapo hata mto ungekuja kunitetea usingesikilizwa. Nililipa mbuzi na mtungi wa pombe ya komoni, wazee wakanywa, wakasema yamekwisha. Egidi hakunywa. Aliniambia maneno machache tu, aliniambia, mama yangu ndiye aliyekupokea Beda ulipojifungua, na hukumpa hata siku tatu. Ndiyo hayo, wanangu. Ilikuwa kweli tupu, kwa hiyo nikamtukana.

Yale mahindi ndiyo yaliyowavusha ninyi. Njaa ilipobana nilimtuma Leticia na kapu kwa Egidi, wanawe walikuwa wamevimba miguu. Unakumbuka, mama? Alimimina mahindi, akaosha kapu, akalirudisha likiwa safi na tupu, bila salamu. Na mimi kwa kiburi changu nikasema anaringa. Miaka ishirini nimesema anaringa. Alikuwa anasubiri nije mwenyewe, siyo mtoto na kapu, na mimi nilijua, na sikwenda. Nasikitika, wanangu. Nilipaswa kwenda siku ileile.

Jana alikuja hapa mlangoni, mara ya kwanza tangu mwaka ule. Akasema pole. Nikamwambia, Egidi, kapande, mimi leo sifi. Akasema, nikipanda halafu ukafa, watu watasema nimelipiza. Akarudi kigodani pake. Hawa wote arobaini wanamtazama yeye, mnaelewa? Yeye ndiye mwenye kinyongo cha haki. Akisimama yeye, nani atatozwa mbuzi? Kwa hiyo Beda, inuka. Nenda pale uani, piga goti, usiseme ukiwa umesimama, mwambie hivi: mama anakuomba wewe uanze. Mwambie naomba msamaha kwa siku tatu za mama yake, na pia ile siku moja ya kulima aliyonilimia yeye Egidi nilipojifungua wewe sijamrudishia. Nenda, baba. Sema polepole, una tabia ya kumeza maneno.

Wakati anakwenda tumalize mambo ya mali, si mengi. Shamba la kilimani ni la Beda, kwa sababu ndiye aliyeligeuza kila mwaka ninyi mkiwa mnatuma salamu. Bonde ni la Leticia. Najua, Valence, usikunje uso, najua wajomba watasema mtoto wa kike hapewi bonde, nao uwaulize wao walipalilia mwaka gani. Nyumba ni yako wewe, kwa kuwa bati ulilinunua wewe na kila Noeli umetukumbusha. Ila usiiuze kwa wale jamaa zako wa mjini wanaotaka kufungua kilabu. Redio mpeni mchukuaji yeyote, mimi imenichosha, kila siku inasema bei zinapangwa na soko na sijawahi kumwona huyo Soko akija kupalilia. Na ile mbegu ya dukani yenye dawa ya rangi uliyoniletea, Valence, kuku wameila, wote wanane wako hai, lakini wawili wameacha kutaga. Mbegu ya kupanda ni ile iliyoning'inia jikoni juu ya moshi, mahindi mia moja na ishirini, nimeyahesabu kwa macho kila siku kupitia mlango nikiwa hapa kitandani, na huyo aliyechoma matatu Desemba namjua na nimemsamehe.

Jambo lingine, mbao zangu za mninga, zile nilizoweka chini ya kitanda kwa ajili ya jeneza. Nimechungulia juzi padre aliponigeuza, nimeona pako wazi. Baadaye nikasikia nguruwe anasugua mgongo kwenye mlango mpya wa banda alioutengeneza Beda, na mninga una sauti yake. Beda hayupo, basi niwaambie ninyi, msimgombeze. Banda lilikuwa halina mlango. Mtanizika na mbao yoyote, ila huo mlango msiung'oe kuja kunifunika nao, nakataa, hapo nitafufuka kweli.

Umerudi? Kaa. Pumua. Amesemaje? Sema maneno yake, usiyapambe.

Eti amesema, tangu lini Aurelia akaomba ruhusa?

Basi. Ndiye yeye. Halafu? Amekunja suruali. Beda, hukuniambia amekunja suruali, hilo ndilo jambo la kwanza ulilopaswa kuniambia. Leticia, wewe uko dirishani, ameshika njia gani? Amechukua jembe letu pale ukutani? Na anaelekea wapi, huko siyo kwake. Anapanda kilimani? Kwenye shamba langu?

Nipeni kitambaa.

Anaanza na langu. Miaka ishirini, na anaanza na langu. Niacheni kidogo nilie, hii si ya kufa, hii ni nyingine.

Na wengine je? Wanainuka? Wote? Ndiyo, nasikia mabenchi. Tazameni wanavyokimbia hao waombolezaji, juzi walikuwa hawawezi hata kusimama kwa huzuni. Waacheni. Waambieni waache vikombe mahali vitakapoonekana.

Sasa sikilizeni, nachoka. Chukueni mahindi yote ya mbegu jikoni. Msianzie kilimani, Egidi yuko huko. Ninyi nendeni kwake. Mguu wake wa kushoto ni mbovu na wanawe wako migodini, shamba lake mpande ninyi, mistari yote, mbegu yangu, punje tatu kila shimo, Valence usitupe nne ili uwahi kumaliza. Hilo ndilo deni la ile siku. Likiisha, bonde. Valence, hivyo viatu viache hapo, nenda peku, hutakufa, anayekufa ni mimi.

Mkirudi mkanikuta nimekwenda na mbegu bado ipo, fungeni mlango, semeni mama amelala. Siku hizi kila kitu ruksa, na hili liwe ruksa. Msipige yowe. Mbegu ikiisha kijiji kizima, siyo kwenu tu, kijiji kizima, hapo naweni mikono, kuleni, muwe na nguvu, ndipo mlie, na mlie kwa sauti, msinitie aibu. Beda ndiye atakayewaambia watu. Aanze kumwambia Egidi.

Njooni niwashike. Vichwa, siyo mikono, mikono yenu mtaihitaji. Mungu aliyeleta hii mvua awakute kila mwaka mkiwa na mbegu. Msigombane kwa ajili ya bonde. Msikae miaka ishirini na mtu wa mlango wa pili. Mkikosa, mwende wenyewe. Mama Maria awashike mahali nilipowashika.

Leticia, na wewe nenda. Usibaki. Mtu mmoja kukaa hapa kunitazama ni mistari minne... haijapandwa. Sitaki maji. Dirisha... hapohapo, wazi. Nitawasikia.

Nendeni tu, wanangu. Nikienda kabla hamjarudi... mimi sitamwambia mtu.