Siku Delphine Halkett Aliposoma Mbele Yetu

Mheshimiwa Meya wa mji wetu. Mwenyekiti wa Bodi ya Elimu na wajumbe wako. Wazee wetu wa Kikrii, wenyeji wa asili wa nchi hii, mliotufungulia shughuli hii kwa sala. Mkuu wa Shule. Walimu wenzangu, mlio kazini na sisi tuliokwishakabidhi funguo. Wazazi na wanafunzi. Na wewe Mwalimu Rosalind Prokopchuk, ambaye leo tunakuaga baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza katika shule hii: habari za mchana.

Ratiba mliyoishika inasema kwamba mimi, Gordon Tveit, mkuu wa shule mstaafu, nitatoa kumbukumbu za kuchekesha. Mniwie radhi. Aliyeandika ratiba hakuniuliza. Ninayo kumbukumbu moja tu, haichekeshi, na nimeikalia kwa miaka kumi na tisa. Mhusika wake mkuu yumo ukumbini. Nilimpigia simu wiki iliyopita kumwomba ruhusa, akasema: "Sema. Lakini usiruke kitu, Bwana Tveit. Nitakuwa nimekaa mbele."

Yupo. Amekaa mbele.

Waliopita mikononi mwa Mwalimu Prokopchuk wanajua jinsi alivyofundisha kusoma. Kwanza aliwanyang'anya zile kalamu za rangi. "Ukiupaka ukurasa mzima njano," alikuwa akisema, "umepiga rangi ukuta, hujasoma." Kisha akawaambia wasome mara ya kwanza penseli ikiwa mezani na mikono ikiwa mapajani. Mara ya pili penseli juu, karatasi imekunjwa katikati: kushoto andika anachosema mwandishi, kulia andika unachomjibu wewe. Mwisho funika kitabu, geuza karatasi, uandike sentensi moja ya kile kilichobaki kichwani. Sisi wakubwa wa shule tulimcheka katika chumba cha walimu. Mimi nilisema, na wapo walionisikia, kwamba mama huyu anafundisha watoto kukunja karatasi. Je, nilikuwa nimewahi kukaa darasani mwake hata siku moja? Sikuwahi.

Majira ya kuchipua ya mwaka ule nilikuwa naibu mkuu wa shule. Binti mmoja wa darasa la kumi na mbili, Delphine Halkett, alikabidhi insha ya kurasa nane juu ya riwaya iliyokuwa katika muhtasari. Delphine alilelewa na bibi yake, Bi Agathe, ng'ambo ya reli. Miaka mitatu nyuma alikuwa katika kundi la wanaosaidiwa kusoma, na mimi ndiye niliyetia sahihi fomu ya kumweka huko. Sasa nimeshika kurasa nane zilizoandikwa na mtu anayeona ndani ya sentensi kama mnavyoona ndani ya glasi ya maji. Nikasema, peke yangu ofisini, bila kumuuliza mtu: Huyu siye.

Niseme lililokuwa moyoni mwangu? Nimeahidi kutoruka. Kama insha ile ingetoka kwa binti wa daktari, ningeipeleka kwenye mashindano. Ilitoka kwa binti wa Kikrii aliyekuwa akisoma kwa kugugumiza, nikaandika barua. Barua ilisema: "Imethibitika kwamba insha hii si kazi ya mwanafunzi." Adhabu yake ilikuwa sifuri katika somo la Kiingereza, na bila Kiingereza chuo cha uuguzi kisingempokea. Walikuwa wamemwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Tulimwita mbele ya kamati siku ya Alhamisi, aje na ushahidi.

Ushahidi aliokuwa nao ni daftari la karatasi zilizokunjwa katikati, aliloisomea riwaya ile. Nalo lilikuwa limebaki kwenye kambi ya uvuvi ya mjomba wake, upande wa pili wa ziwa, alikokwenda kumsaidia wakati wa likizo. Ndugu zangu, mnalijua ziwa letu mwezi wa Aprili. Barabara tunayopita juu ya barafu wakati wa baridi ilikuwa imefungwa tangu siku sita nyuma, kwa kuwa barafu ilikuwa ikiyeyuka. Kambini hakuna simu.

Haya yafuatayo niliyajua baadaye. Jumatano baada ya masomo Mwalimu Prokopchuk alipiga simu nyumbani kwa Bi Agathe, akaambiwa binti hajarudi na pikipiki ya theluji ya jirani haipo. Hakuvaa hata koti. Aliendesha gari mpaka gatini akamkuta Delphine juu ya ile pikipiki, injini inanguruma, mbele yake barafu imekuwa ya kijivu na maji yamesimama juu yake.

"Shuka," Mwalimu akamwambia.

"Pale katikati bado ni ngumu, Mwalimu. Nimeichunguza."

"Umeichunguza kwa macho. Shuka."

"Wewe unaniamini. Wao hawaniamini! Daftari liko kule, kilomita tisa tu."

"Na wewe uko hapa. Daftari likipotea nitakununulia jingine. Delphine, mwanangu, nakuomba, zima hiyo mashine."

Mwalimu alipoona maneno hayatoshi, alitembea akaenda kusimama juu ya barafu, mbele ya ile pikipiki, na viatu vyake vya darasani. Akasema, "Haya, nipitie." Barafu ikatoa mlio chini yake. Delphine akazima injini. Walirudi ndani ya gari, na Mwalimu anasema mpaka leo hajui nani alianza kulia.

Nawauliza wazazi mlio hapa: mtoto angezama siku ile, angekuwa amezamishwa na nini? Barafu peke yake?

Alhamisi saa nane mchana tulikaa ofisini kwa mkuu wa shule. Kamati tulikuwa watatu: mkuu wa shule wa wakati huo, mimi, na mjumbe wa bodi, marehemu Bwana Lyle Abernethy. Mbele yetu alikaa Delphine, Bi Agathe kushoto kwake, Mwalimu Prokopchuk kulia. Bwana Abernethy aliuliza daftari liko wapi. Alipoelezwa, akatabasamu. "Ziwa limelimeza, siyo? Zamani watoto walisingizia kwamba mbwa amekula kazi zao za shule."

Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema, "Basi mpeni kitu ambacho hajawahi kukiona. Chagueni wenyewe. Asome hapa, mkimwangalia."

Nikachagua mimi. Kwenye kabati mlikuwa na magazeti ya zamani ya mji huu, nikatoa tahariri ya miaka ya sitini juu ya bwawa la umeme lililojengwa kaskazini mwetu. Niliichagua kwa ubaya. Sentensi zake zilikuwa ndefu kama treni ya ngano. Tukampa dakika arobaini, na Mwalimu akakatazwa kusema neno lolote.

Delphine akaweka penseli mezani. Akaweka mikono mapajani. Akasoma.

Dakika tano zikapita hajaandika kitu. Dakika nane. Theluji iliyoyeyuka ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye paa, nami nilihesabu matone kwa sababu sikutaka kumtazama bibi yake usoni. Dakika ya kumi na moja Bwana Abernethy akaniinamia, akanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Hawezi. Tumalize." Nami, Mungu anisamehe, nilihisi faraja. Nilimwona Mwalimu akiuma mdomo wake wa chini mpaka ukawa mweupe.

Ndipo binti akaikunja karatasi katikati, akainua penseli, na hakuiweka chini tena mpaka dakika ya thelathini na nne. Akaifunika tahariri. Akageuza karatasi, akaandika sentensi moja.

"Niwasomee, au mnataka kuangalia tu?" akauliza.

"Tueleze," alisema mkuu wa shule.

"Mwandishi huyu anajua kuandika," Delphine akaanza. "Akitaja kampuni, kampuni inafanya kitu. Inachimba, inajenga, inaleta mwanga. Akifika kwa watu wa mtoni, hawafanyi kitu, wanafanywa. Anasema, 'Wakazi waliarifiwa mapema, wakahamishwa bila usumbufu.' Hapa kulia nimemuuliza: waliarifiwa na nani? Kwa lugha gani? Aliyehesabu usumbufu ni nani? Nimetafuta jibu ukurasa mzima, halimo. Kwa hiyo huku nyuma nimeandika: tahariri hii imeandikwa ili swali hilo lisiulizwe."

Kisha Bi Agathe, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu aingie, akasema polepole: "Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwapo. Aliyeniarifu ni maji. Yaliingia jikoni."

Delphine alikuwa hajui. Niliona akimgeukia. "Bibi, hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza, mjukuu wangu. Leo umeuliza."

Kisha yule binti akatoa barua yangu mfukoni, akainyoosha juu ya meza. "Na hii nimeisoma vilevile," akasema. "'Imethibitika.' Na nani?"

Masikio yangu yalipata moto. "Na mimi," nikasema.

"Ulithibitishaje?"

Wageni waalikwa, nilikuwa na shahada mbili na ofisi yenye jina langu mlangoni. "Nilidhani tu," nikasema.

"Basi ungeandika hivyo."

Kamati ilimsafisha kwa dakika tano. Alama zake zikarudishwa, chuo kikampokea, na leo Delphine Halkett ni muuguzi mkuu wa zahanati ya ng'ambo ya ziwa. Wengi wenu mmeshikwa mkono naye usiku wenu mbaya kabisa. Mnaweza kudhani mambo yakaishia vizuri. Sikilizeni nilichofanya. Alipokuwa akitoka mlangoni nilimpa mkono, nikamwambia, "Hongera." Nilimpongeza, kana kwamba ameshinda bahati nasibu! Sikumwomba radhi. Mwaka uliofuata nikawa mkuu wa shule hii, na kwa miaka kumi na miwili ufunguo wa kabati la majalada ulikuwa wangu, na nakala ya ile barua ikabaki ndani ya jalada lake.

Mwalimu Prokopchuk aliendelea kufanya kazi chini yangu miaka yote hiyo. Hakunisengenya, hakuninunia. Ila kila mwezi wa Juni, akija kukabidhi alama za darasa lake, aliniuliza swali moja: "Umeshamwambia?" Nami nilijibu: "Bado." Juni kumi na mbili. Hakuna mkaguzi wala bodi iliyowahi kunifundisha kazi yangu kama swali lile. Rosalind, watu leo watakusifu kwa upole wako. Mimi nakusifu kwa sababu hukunipa raha.

Jumatatu mkuu wa sasa aliniruhusu kuitoa barua ile kwenye jalada. Ninayo hapa. Delphine, nilikukosea. Nilikudharau kabla hujaandika herufi moja, nikaita dharau hiyo uthibitisho, na ungeweza kufa kwa ajili yake. Bi Agathe alitutoka miaka minne iliyopita kabla sijamwambia neno hili, na hilo siwezi kulirekebisha. Nakuomba unisamehe, na huna deni la kunijibu ndiyo.

Mheshimiwa Meya, nakushukuru kwa heshima ya kusimama mahali hapa. Mwalimu, nakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa dakika ile juu ya barafu. Nyote nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa.

Sina jingine. Delphine alikubali niseme kwa sharti kwamba nikimaliza, kipaza sauti kiende kwake. Hakuniambia atasema nini, nami sikuthubutu kuuliza. Njoo, Bi Halkett. Ninashuka. Jamani, tumsikilize.