Klachi ya Gari la Tadao

EIKICHI: Haloo? Nani huyo?

SUMIE: Habari za asubuhi, shemeji. Ni mimi.

EIKICHI: Mimi ndiye nani? Siku hizi kila tapeli anaanza na "ni mimi". Juzi kanipigia mmoja analia, "baba, ni mimi, nimegonga mtu". Nikamwambia mwanangu hajawahi kuniita baba kwa adabu namna hiyo.

SUMIE: Sumie. Mke wa mdogo wako.

EIKICHI: Mjane wa mdogo wangu. Sema sawasawa.

SUMIE: Haya, mjane. Umeamkaje?

EIKICHI: Nimeamka na magoti yangu haya haya. Mbona sauti inakatikakatika? Simu gani hiyo?

SUMIE: Ni mtandao tu. Unanisikia?

EIKICHI: Nakusikia kama uko ndani ya ndoo. Ni mambo ya Jumapili? Umeongea na mtawa?

SUMIE: Nimeongea naye. Ibada ya siku ya arobaini na tisa ya marehemu Tadao ni saa nne, tunazika majivu, halafu tunakula pale pale hekaluni. Lakini sikukupigia kwa hilo. Nataka ushauri wa gari.

EIKICHI: Gari? Wewe?

SUMIE: Lile dogo, la viti viwili, la kufungua paa. Nimekwenda dukani kuliona jipya. Kizazi cha nne. Nikaona nikuulize wewe unayeyajua, lipi bora, hilo au la kizazi cha kwanza kama la—

EIKICHI: (anacheka) Kizazi cha nne! Shemeji, lile si gari. Lile ni sufuria ya umeme ya kupikia wali, imetiwa magurudumu. Linalia pii-pii, linawasha vitaa, bado kidogo likwambie wali umeiva.

SUMIE: Kweli lilinisemesha. Nilisogelea mstari kidogo tu, likanipigia kelele kama marehemu mama yenu.

EIKICHI: Muache mama apumzike.

SUMIE: Na anayepumzika ni mimi.

EIKICHI: Unasema?

SUMIE: Mtandao, shemeji. Endelea.

EIKICHI: Nasema hivi. Gari la viti viwili ni la kizazi cha kwanza, basi, kitabu kimefungwa. Taa zinafumba na kufumbuka kama macho. Dirisha unazungusha kwa mkono. Ukikosea kona, umekosea wewe, hakuna kompyuta ya kukubembeleza. Hayo mapya ni ya mabwana wadogo wanaoogopa kuchafua soksi.

SUMIE: Lako lilikuwa kizazi cha pili, au sivyo?

EIKICHI: Usinianze asubuhi yote hii.

SUMIE: Tadao alikuwa akisema lako limekodoa macho, halijui kulala.

EIKICHI: Tadao alisema mengi! Nililiuza kwa sababu nilikuwa na watoto wa kusomesha, siyo kwa sababu ya macho! Yeye na hilo gari lake jekundu, kila Jumapili kwenye mkutano wa wenye magari, kitambaa mkononi, "kaka, usiegemee rangi". Mimi! Kaka yake! Haya, na hilo jipya ni la nani? Nani ananunua?

SUMIE: Mimi.

EIKICHI: (anacheka mpaka anakohoa) Wewe! Wee Sumie! Dereva wa kwenye karatasi!

SUMIE: Nina leseni.

EIKICHI: Una leseni ya dhahabu, najua, Tadao alikuwa akiwaonyesha watu kama kichekesho. Dereva asiye na kosa hata moja, kwa sababu hajawahi kuwasha gari! Kwa hesabu hiyo hata mto wa kulalia unastahili leseni ya dhahabu.

SUMIE: Na wewe unayeendesha kila siku wamekupa ya buluu.

EIKICHI: Ile ilikuwa kamera. Walikuwa wameificha nyuma ya mti.

SUMIE: Mti mbaya sana huo.

EIKICHI: Sumie-san. Mwanamke wa umri wako anapanda basi. Basi lina viti vya wazee, lina kengele, lina kila kitu. Waachie wenye kujua.

SUMIE: Muuzaji alinieleza vizuri kuliko wewe. Akasema kuna jambo moja tu. Nyumbani nina nafasi moja ya kuegesha. Polisi hawatoi kibali cha gari jipya mpaka waone nafasi iko wazi. Kwa hiyo nikichukua la kizazi cha nne, la Tadao lazima litoke kwanza. Haloo? Shemeji?

EIKICHI: Nipo. Litoke?

SUMIE: Ndiyo. Litoke.

EIKICHI: Hebu ngoja. Tusikimbilie kusema. Hilo la kizazi cha nne, ukilitazama vizuri... si baya.

SUMIE: Eti?

EIKICHI: Lina breki za kujikamata zenyewe. Kwa mtu mzima ni jambo kubwa. Na otomatiki lipo, hakuna kuhangaika na gia. Tena paa lake halivuji. Mimi ningekuwa wewe ningelichukua leo.

SUMIE: Sufuria ya wali?

EIKICHI: Wali ni chakula, Sumie-san! Tunakula kila siku!

SUMIE: Loo. Umegeuza maneno hata mate hujameza.

EIKICHI: Nakufikiria wewe. Lile la Tadao wewe huliwezi. Stelingi ni ya kupigana nayo. Na ile klachi ni nzito, klachi ya kiume, itakuvunja kiuno. Alikwambia mwenyewe.

SUMIE: Aliniambia. Miaka thelathini na kitu aliniambia.

EIKICHI: Basi. Jumapili baada ya kula nitaondoka nalo. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii, hakuna haja ya maneno mengi. Funguo ziweke— (mngurumo) Nini hicho? Mbona nasikia lori?

SUMIE: Lori.

EIKICHI: Kwenu kichochoroni lori linapitaje?

SUMIE: Siko kwetu. Niko mlimani, kituo cha mapumziko cha njia ya Miyoshi. Nakula andazi la maharage matamu. La moto.

EIKICHI: Umefikaje huko? Basi haliendi huko siku hizi.

SUMIE: Haliendi.

EIKICHI: Nani kakupeleka?

SUMIE: (anatafuna andazi)

EIKICHI: Sumie-san. Nani kakupeleka?

SUMIE: Nilitaka kulitoa tu pale nyumbani, ili polisi wapime nafasi. Hatua chache, mpaka barabarani. Nikamgongea jirani anisaidie, hayupo. Nikasema basi, na livunjike hicho kiuno. Nikaingia. Nikashika stelingi kwa mikono miwili, nikakusanya nguvu zangu zote, nikakanyaga klachi.

EIKICHI: Na?

SUMIE: Nyepesi.

EIKICHI: (anakohoa)

SUMIE: Nyepesi, shemeji. Kama kukanyaga zulia. Mguu ulishuka mpaka chini kwa kishindo kwa sababu nilijiandaa kukanyaga mwamba. Nikatoa mguu, nikakanyaga tena. Nikadhani limeharibika! Nikakaa pale nakanyaga klachi, nakanyaga, nalia kama mwehu. Yule mume wangu alinidanganya tangu sina mvi hata moja.

EIKICHI: Pengine... pengine ilikuwa nzito zamani. Vitu hulegea.

SUMIE: Usinitapeli na wewe.

EIKICHI: Lirudishe gari, Sumie-san. Gia ya pili ya gari lile ina ugomvi wake, likiwa baridi—

SUMIE: Naijua. Nimesikiliza ugomvi huo miaka yote niko kiti cha kushoto. Unakanyaga mara mbili, inaingia. Yeye alikuwa akitukana, mimi naiomba tu radhi. Na gari lenyewe ni bovu, ukitaka kujua. Linavuja, linanuka sigara zake, kiyoyozi kinapumua kama mgonjwa. Yule anayelisifu hajawahi kulifuta. Nililifuta mimi! Yeye aliliendesha, mimi nikalifuta, mpaka kwenye matundu ya rimu, kwa mswaki. Nimempigia simu muuzaji hapa hapa. Nimemwambia jipya silitaki.

EIKICHI: Haiwezekani. Gari ni la ukoo.

SUMIE: Lini limekuwa la ukoo?

EIKICHI: Vitu vya marehemu vinagawiwa baada ya arobaini na tisa! Ndiyo desturi! Nani aliyekuwa karibu naye kuliko mimi? Mimi ni kaka yake, mkubwa wake, na kama mkubwa naamua—

SUMIE: Hapo hapo. Mkubwa.

EIKICHI: Ndiyo, mkubwa!

SUMIE: Wiki ile ya mazishi, binti yangu Nobuyo alipokuletea saa ya baba yake kwa mikono miwili, ulimjibu nini? Maskini, macho yamemvimba. Ulimfokea mbele ya wageni wote. "Vitu vya marehemu vinashuka, havipandi. Mkubwa hapewi masazo ya mdogo wake. Mama yako hakukufundisha?" Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nilitamani kukumwagia.

EIKICHI: Ndiyo desturi. Sikuitunga mimi.

SUMIE: Nimeisikia na nimeitii. Saa ni masazo, gari ni nini? Nikikupa gari nitakuwa nimekuvunjia heshima, shemeji. Siwezi. Mtu mkubwa kama wewe!

EIKICHI: Unanikejeli.

SUMIE: Sana.

EIKICHI: (mtandao unakoroma) ...kuna namna... haloo?

SUMIE: Sema, nakusikia.

EIKICHI: Nasema desturi ina mlango. Mkubwa akiomba mwenyewe, anaweza kupewa.

SUMIE: Kumbe unaujua. Umeomba?

EIKICHI: Nimesema Jumapili nitaondoka nalo.

SUMIE: Hiyo ni amri. Nimeuliza, umeomba?

EIKICHI: Siku Tadao alipokwenda kulichukua, alinipitia mimi kwanza. Hakukwambia? Mvua inanyesha, sisi tumefungua paa, watu wazima wenye akili zao. Tulilowa mpaka soksi. Tadao alikuwa anaimba. Hajui kuimba yule. (anakohoa) Nyumba hii tulikuwa wawili tu. Sasa ni mimi peke yangu na magoti. Sumie-san... naomba. Naomba gari la mdogo wangu.

SUMIE: Asante, shemeji. Nimekusikia. Najua ilivyo shida kwako kusema neno hilo.

EIKICHI: Basi Jumapili—

SUMIE: Hapana.

EIKICHI: Nini?

SUMIE: Umeomba vizuri, na jibu ni hapana. Gari ni langu.

EIKICHI: Wewe mwanamke! Umenivua nguo kumbe—

SUMIE: Nitakupitia Jumapili saa tatu, twende wote hekaluni. Majivu utayapakata wewe, kiti cha kushoto. Redio hugusi. Huli chochote ndani. Na tukifika kwenye kona hutoi neno, hata ukiona nakosea. Ndivyo nilivyokaa mimi.

EIKICHI: Kushoto! Nikalishwe kama mtoto, naendeshwa na dereva wa karatasi!

SUMIE: Au upande treni. Ina viti vya wazee.

EIKICHI: (anapumua kwa nguvu) ...Saa tatu kamili?

SUMIE: Kamili. Ukichelewa naondoka. Haya, andazi limekwisha, nakata, kuna mtu anataka nafasi—

EIKICHI: Ngoja! Usikate. Ile klachi.

SUMIE: Ina nini tena?

EIKICHI: Nilijua. Sote tulijua pale mkutanoni. Mwaka ule wa kwanza nilimwambia, mfundishe mkeo, gari hili hata mtoto analiweza. Akakataa. Nikamwita bahili. Akasema siyo ubahili.

SUMIE: Akasema nini?

EIKICHI: Akasema... mtandao unasumbua huku.

SUMIE: Mtandao uko sawa. Akasema nini?

EIKICHI: Akasema, "Kaka, siku atakayojua lilivyo jepesi, ataondoka, hatarudi." Alikuwa anaogopa, Sumie-san. Mtu mzima yule, aliogopa kweli. Haloo? Haloo? Upo?

SUMIE: Mjinga mkubwa.

EIKICHI: Mimi?

SUMIE: Wote wawili. Ningekwenda sokoni, shemeji. Ningenunua samaki, nirudi kumpikia.

EIKICHI: Sumie-san—

SUMIE: Watu wananipigia honi. Saa tatu. Paa nitalifungua. Vaa kofia.