Barua ya Tatu ya Daktari Kaimenyi

Sisi watu wa Meru tunalima kahawa na kunywa chai, lakini kwenye benchi la Mama Kaimenyi, ng'ambo ya geti la hospitali, ukiagiza chai unaulizwa kama u mgonjwa. Yeye hukaanga mwenyewe buni za shambani kwake na kuzichemsha na tangawizi. Wateja wa kudumu ni watatu, ukiniondoa mimi. Yupo Muchangi, mtu wa Kianjokoma, tunayemwita Muhuri kwa sababu alikuwa karani kwa chifu na haamini karatasi isiyogongwa muhuri. Yupo Mithika, bawabu wa benki, ambaye ni Brigedia ingawa hajawahi kushika bunduki. Na yupo Tabby wa kibanda cha simu, yaani Redio. Siku nyingine hapa ni kelele tupu. Alhamisi hiyo tuliongea kwa sauti ya matanga, maana maombi ya chuo ya kijana wa Mama Kaimenyi yalikuwa yanafungwa kesho yake.

Kijana ni daktari, na alitoka jeshini mwaka jana. Anataka kusomea ubingwa wa nusu kaputi, ile kazi ya kumlaza mgonjwa kabla ya kisu na kumwamsha baada yake. Chuo kinadai barua tatu za kumpendekeza. Mwalimu wake wa zamani aliandika moja. Jeshi likaandika ya pili, kwamba alikuwa na nidhamu. Ya tatu ilitakiwa iandikwe na bingwa aliyemwona kwa macho yake akilaza wagonjwa, na bingwa huyo alikuwa mmoja tu, Meja Mutegi, aliyemfundisha ndani ya hema huko Somalia. Gari la Meja lilikanyaga bomu. Kaimenyi alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake.

Kisha sisi, kwa huruma zetu, tukaharibu zaidi. Muhuri alikwenda kwa chifu akarudi na barua yenye mihuri miwili, ikieleza kwamba Kaimenyi ametoka familia nzuri isiyowahi kugombania mpaka wa shamba. Kijana aliisoma, akatutazama, na kwa kuwa hawezi kumkatalia mzee, akaituma. Jumatatu chuo kikamjibu kwa upole kwamba mwandishi wa barua hiyo hajawahi kumwona mwombaji kazini. Kosa kama hilo ni letu wenyewe. Huku kwetu, kuanzia kitambulisho, basari ya karo, hadi kuandikwa polisi, hakuna mlango unaofunguka bila chifu, basi tulidhani na huo ungefunguka.

– Chifu mmoja ndiye hakutosha, Muhuri alisema. – Tuongeze pasta na mwenyekiti wa kiwanda cha kahawa. Haba na haba hujaza kibaba. Barua ndogo nyingi ni barua moja kubwa.

– Hao wote watasema ni mtoto mzuri, Tabby alisema. – Na hiyo chuo kinajua.

– Basi wazee wa baraza la Njuri.

– Wazee wa Njuri wamewahi kuingia tieta, chumba cha kisu?

Muhuri akanywa kahawa yake. Brigedia, aliyekuwa akitafuna miraa polepole, akaona zamu yake imefika.

– Nyinyi hamjui jeshi. Huko kila hema iko na droni juu yake. Kila mtu Kaimenyi amelaza, droni imerekodi. Watoe hiyo video, wapelekee chuo.

– Droni inaona ndani ya hema?

– Inaona mpaka ndoto ya mgonjwa. Si mnajua, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mama Kaimenyi alikuwa akimmiminia kikombe cha pili. Akaacha kumimina. Brigedia akatafuta kitu cha kuangalia, akaangalia viatu vyake, na methali ile ikabaki hapo benchini bila mwenyewe.

Tabby akajaribu kutuokoa. Alisema kesho asubuhi kijana aingie chuoni Nairobi na mbuzi, amlaze mbele ya kamati, kisha amwamshe. Nani atabisha na mbuzi aliyesimama?

– Na mbuzi akikataa kuamka? Muhuri akauliza.

Tulikuwa karibu kucheka. Mama Kaimenyi akaketi kwenye ukingo wa benchi, kitu ambacho hafanyi kukiwa na wateja.

– Hiyo ndiyo kazi yenyewe, alisema. – Kulaza si kitu. Ni kuamsha. Tangu arudi, akinikuta nimesinzia kwa kiti, anakuja anasimama karibu, anasikiliza kama napumua. Hasemi kitu. Nikifungua macho, anaenda zake.

Akaweka birika chini, akaendelea.

– Juzi nikamuuliza. Akaniambia, mama, huko nimelaza watu wengi na nikawaamsha, na mwenye alikuwa anaona ni Mutegi. Sasa mimi nikisema, ni mimi najisema.

Mimi nina mdomo mwepesi, kila mtu hapo benchini anajua, lakini siku hiyo nilitamani niwe mtu wa kujua kusema jambo la maana. Nikaomba kahawa tena, ingawa kikombe changu kilikuwa bado nusu.

Ndipo mama mmoja akavuka barabara kutoka getini. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, na alitembea kama mtu ambaye viatu si vyake. Tabby akamsogezea nafasi. Alituambia anaitwa Regina, ametoka Gachoka tangu alfajiri. Binti yake, Gatakaa, anayefundisha shule hapa mjini, matumbo yamejisokota, na sasa hivi walikuwa wamempitisha mlango wa tieta. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili na hakunywa.

– Nataka kuwauliza kitu, akasema. – Nyinyi ni watu wa hapa. Nimeomba tangu wamwingize, na kwetu ukiombea mtu unamtaja jina. Nimemtaja daktari wa kisu. Nimemtaja sista. Lakini kuna huyu wa kumlaza. Hakuniambia jina, na mimi kwa uoga sikuuliza. Mmeshapasuliwa hapa, sivyo? Yule wa kuwalaza anaitwaga nani?

Muhuri alipasuliwa henia hapo. Brigedia ana chuma mguuni. Tabby watoto wake wote wawili walitolewa kwa kisu. Mimi nilitolewa kidole tumbo, na daktari aliyenipasua nilimpelekea jogoo hadi nyumbani kwake. Sista aliyenigombeza kwa kutembea mapema namjua kwa jina na kwa kanisa. Lakini yule mwingine, aliyeniwekea mkono kwenye paji la uso akaniambia nihesabu, ambaye nilimwachia pumzi yangu yote, sikuwahi hata kumuuliza anatoka wapi. Niliona aibu kubwa. Nikawatazama wenzangu, nao walikuwa wanatazama kahawa.

– Sijui, Muhuri akasema mwishowe, na huyu ni mtu anayejua jina la kila karani kutoka Embu hadi Maua.

Regina akamgeukia Brigedia, akamgeukia Tabby, akanigeukia mimi. Tukatikisa vichwa.

– Mtaje Kaimenyi, Mama Kaimenyi akasema.

– Ndiye yuko zamu?

– Wewe mtaje. Mungu anajua wa zamu ni nani. Atampelekea ombi lako.

Regina akaweka kikombe chini, akafumba macho. Brigedia akavua kofia yake ya kazi. Ombi lenyewe lilikuwa fupi: Bwana, shika mkono wa Kaimenyi, asimwachilie mtoto wangu mpaka aamke. Mama Kaimenyi ndiye aliyesema amina, na aliisema kabla ombi halijaisha.