Misimu Kumi na Tisa ya Sevilay Kalender

Sevilay Kalender, nahodha wa timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu, anastaafu tarehe 20 Mei 2025 baada ya kuitumikia klabu ya Yeşilyamaç ya hapa Rize kwa misimu kumi na tisa. Amecheza mechi 468, zote akiwa na shati letu la kijani. Uongozi umeniomba mimi, Rasim, mtunza vifaa, niandike wasifu huu kwa sababu wenzake wa mwanzo wameshatawanyika na makocha wamebadilika mara saba. Tuliobaki ni mimi na mashine ya kufulia.

Alikuja Septemba 2006, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, kutoka kijiji cha juu milimani ambako mama yake, Bi Hanife, analima chai. Alifika mazoezini na viatu vya kaka yake, vikubwa kwa namba mbili, amevijaza karatasi mbele. Nilipompa vipya, aliomba ruhusa avirudishe vile nyumbani upesi, maana kaka mtu alikuwa hajui kama vimeondoka.

Hakuwa mrefu, wala hakuruka sana. Alichokuwa nacho ni macho. Alipeleka mpira mahali ambapo mwenzake alikuwa hajafika bado. Misimu mitatu ya mwanzo pasi zake ziliwapiga wenzake usoni, wakamlalamikia kila siku. Msimu wa nne wakamzoea, tukaanza kushinda.

Oktoba 2013, katika mechi ya nyumbani, aliangukia mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Daktari alimtia chuma na skrubu. Mfupa uliunga, lakini kifundo kikawa kinapinda nusu tu. Mchezaji wa kikapu asiyeweza kukunja kifundo ni kama mshonaji asiyeweza kushika sindano. Akarudi kwao, na sisi tukaanza kumzungumzia kama mtu aliyekwisha kuondoka.

Yaliyotokea huko amenisimulia Bi Hanife mwenyewe. Ilikuwa Desemba, wakati wa kuchuma machenza. Sevilay alikaa barazani na huzuni yake, anarusha machenza kapuni, mikono miwili kwa pamoja, kutoka chini, tangu magotini. Hakukosa hata moja.

“Si unaona yanaingia?” mama akamwambia. “Kwa nini usitupe hivyo hivyo huko kwenu?”

“Mama, watanicheka.”

“Sasa hivi hawakucheki, na unalia. Lipi bora?”

Februari alirudi uwanjani. Alikuwa amejifunza kupiga pasi kwa mkono wa kushoto, na mitupo huru, ile ya baada ya kufanyiwa faulo, akaitupa kama machenza. Kocha wetu wa wakati ule, Tuncay Erbil, alisimamisha mazoezi.

“Sevilay, unafanya nini?”

“Natupa mpira, kocha.”

“Tupa kumi nione.”

Tisa iliingia. Akamwambia atupe kumi mingine. Ikaingia yote.

“Haya, tupa utakavyo,” kocha akasema. “Ila usinitazame nikicheka.”

Ugenini walimcheka kweli. “Bibi! Bibi! Miwani yako umeiacha wapi?” Kuna uwanja mmoja walimpigia kelele, “Bibi, supu inaungua!” naye akashika kiuno, akajikongoja hadi kwenye mstari kama kikongwe, akatia yote miwili. Tangu siku ile mashabiki wetu nao wakawa wanamwita Bibi, lakini kwa mapenzi.

Sasa nifike kwenye siku ambayo wengi wangependa niiruke. Aprili 2017, mechi ya mwisho ya msimu, tulikuwa tunahitaji ushindi tusishuke daraja. Zimebaki sekunde mbili, tuko nyuma kwa pointi moja, na Sevilay amefanyiwa faulo. Mitupo miwili. Wa kwanza uliingia, tukawa sare. Wa pili ulizunguka ringi, ukazunguka tena, ukatoka. Tukaingia muda wa nyongeza, tukafungwa kwa pointi nne.

Nilikuwa nimepika birika mbili kubwa za chai kwa ajili ya kusherehekea. Katika chumba cha kubadilishia nguo wasichana walikuwa wanalia, nami nikajificha nyuma ya kabati na birika zangu.

“Kaka Rasim, chai ipo?” Sevilay akauliza.

“Ipo.”

“Basi wamiminie watu.” Alingoja kila mmoja apate glasi yake, ndipo akasema, “Mpira niliukosa mimi. Asiondoke mtu hapa akijilaumu kwa jambo langu.”

Kisha akatoka mlangoni, kwenye umati uliogoma kwenda nyumbani, akawaambia vivyo hivyo. Mzee mmoja akapaza sauti, “Ungetupa kama watu wengine!”

“Ningetupa kama watu wengine ningekosa yote miwili, mjomba,” akamjibu.

Yule mzee alicheka akiwa bado anafuta machozi, na wengine wakacheka naye.

Wiki ile wachezaji saba waliondoka. Sevilay naye aliitwa na klabu kubwa ya Istanbul, ligi kuu, mshahara mara tatu ya wetu. Alifunga begi. Kisha akalifungua, akabaki. Watu wanasimulia kwamba alibaki kwa mapenzi. Mwaka jana nilimuuliza, akanijibu, “Mapenzi gani, kaka? Nilibaki kwa hasira. Nisingeweza kuishi huku nyuma yangu timu iko shimoni. Mapenzi yalikuja baadaye.”

Misimu miwili tulicheza daraja la chini, kwenye kumbi ambazo pumzi ya mtu ilionekana kwa baridi. Safari moja basi lilikwama kwenye theluji kule kwenye kona za mlimani, timu nzima ikashuka kusukuma, naye mbele akiwahesabia: moja, mbili, tatu! Wachezaji wapya aliwafundisha pasi zake, nao wakapigwa usoni kama wenzao wa zamani. Mei 2019 tulipanda daraja. Katika mechi iliyotupandisha hakufanyiwa faulo hata moja, hakufunga hata pointi moja, ila alitoa pasi kumi na sita za kufungia. Mpaka leo hatujashuka tena.

Mwezi uliopita uongozi ulimwambia kwamba shati lake namba 14 litatundikwa ukutani, lisivaliwe tena na mtu. Alishukuru kwa heshima, akakataa. “Mkilitundika litaota vumbi,” alisema. “Mpeni mtu acheze.” Kwa hiyo Septemba nitalikunja na kulitoa kwa mwingine.

Atakakokwenda ni kwa Bi Hanife, kwenye chai, na kwa ndugu zake. Kwa misimu kumi na tisa Jumamosi zake zilikuwa zetu. Mdogo wake aliolewa Jumamosi, Sevilay akiwa ugenini. Kuzaliwa kwa wapwa zake watano kumesherehekewa bila yeye. Julai hii kuna arusi nne kijijini kwao, na ameahidi kucheza ngoma katika zote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa niaba ya wachezaji, makocha, wauza tiketi na kila aliyewahi kupoteza sauti jukwaani: ahsante, Sevilay. Tunakutakia afya, shamba lenye kuchipua, na Jumamosi nyingi zisizo na mechi.