Kamba ya Lungmar na Taa ya Dakta Lhazes

Waheshimiwa malama, watawa wetu, ndugu na majirani mliopanda mlima kwa baridi hii, familia imenituma niwasomee maisha ya Dakta Yangdol Lhazes, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1957 hapa Lungmar, akasoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari mjini Leh, akahitimu kemia Srinagar mwaka 1981, kisha akaajiriwa katika maabara ya plastiki huko Leh.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi jua letu kali linavyokula matangi na kamba za plastiki, akizimulika gizani kwa taa ya miale ya urujuanimno, kwa kuwa plastiki iliyoanza kuoza hutoa mng'ao wake hata kama kwa macho bado inapendeza. Mwaka 1984 aliolewa na Mwalimu Mutup Angdus, wakajaliwa mtoto mmoja, Kunzes.

Tarehe 2 Oktoba 2009, siku ya harusi ya Kunzes, bibi harusi alikuwa ameshaketi ndani ya kisanduku cha kuvukia mto, kinachoning'inia kwenye kamba, wazee wameshaijaribu kamba kwa kuning'inia pale ukingoni, pale pale ambapo kila msafiri hufunga kitambaa cheupe cha baraka, ndipo Lhazes alipojifunika joho kichwani pamoja na kamba ili apate giza, akamulika, na chini ya vitambaa kamba ikabaki giza, lakini mbele kidogo, inakopigwa na jua, ikang'aa buluu.

"Kunzes, shuka!"

Mzee Angchuk, ambaye yupo hapa, akamjia juu: "Shemeji, saa njema inapita, rudisha kitaa chako mfukoni, unamtia mtoto nuksi!"

"Saa ipite, shemeji, mtoto abaki," akajibu, akaingia mwenyewe kumtoa binti yake kwa mkono, huku watu wakimzomea, na sisi wa nyumbani tukiona aibu.

Basi wakapakia magunia ya mawe badala ya bibi harusi, wakavuta, na katikati ya mto kamba ikakatika, kisanduku kikaenda na maji. Kunzes alizunguka kwa miguu hadi darajani, akafika kwa mumewe jioni.

Marehemu aliugua mapafu tangu Novemba 2021, akafariki Leh alfajiri ya tarehe 17 Januari 2023. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wenzake wa maabara, na majirani mliotuletea kuni na chai ya siagi.

Mama Kunzes, mtoto uliyemshusha ndiye aliyekuwashia taa leo, na wanawe watatu wamesimama nyuma yake. Pumzika kwa amani.