Honi Mbili Pale Kangemi

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena! Asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi ni Tabitha, nakaa hapa Uthiru, nauza mapazia katikati ya mji. Wengi mnanikumbuka. Mwaka juzi nilisimama papa hapa na ufunguo wa gari mkononi, nikautikisa juu, mkapiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Nilitoa ushuhuda siku ile. Leo nimekuja kuurekebisha.

Msishtuke. Sijarudi nyuma, bado nimeokoka. Ila kuna mahali sikusema ukweli, na pengine ukweli wenyewe nilikuwa siujui.

Ndugu zangu, mama yangu alinilea Kangemi, chumba kimoja, akiuza mboga sokoni. Tulitembea kila mahali. Magari makubwa yalipita Waiyaki Way yakitumwagia maji ya matope, nami nikajiapiza kwamba iko siku nitakuwa ndani ya moja. Ndoto ile siijutii. Msichana aliyelowa matope ana haki ya kuota.

Basi, biashara ikakubali. Nikaenda yadi moja ya magari Ngong Road nikaliona. Gari la Kijerumani, jeusi, viti vya ngozi rangi ya maziwa, na mlango wake ukiufunga husikii kishindo, unasikia tu umefungika. Lilitumika Uingereza miaka saba, kisha likawa la bwana mmoja wa hapa Nairobi miaka mitano. Muuzaji akaniambia, "Madam, hii ni gari ya heshima." Hakuhitaji kusema zaidi. Heshima ndiyo niliyokuwa nimeifuata.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mtu mwenye akili akitaka kununua gari la namna ile hutafuta fundi kwanza. Mimi nilitafuta mchungaji. Mchungaji wetu yuko hapa, ananitazama, naye hana kosa lolote. Aliombwa aombe, akaomba. Nililitoa yadi nikalileta moja kwa moja kanisani, mkalizunguka, mkalifunika kwa damu ya Yesu, mafuta yakapakwa kwenye bonneti. Ile bonneti tuliipaka mafuta vizuri sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyeifungua!

Baada ya miezi mitatu taa ya injini ikawaka pale kwenye dashibodi, taa ndogo ya manjano. Nilifanya nini? Niliikemea. Nilisema gari lililoombewa na kanisa zima haliwezi kuwa na ugonjwa, huyu ni adui hapendi maendeleo yangu. Lakini moyoni nilikuwa naogopa kitu kingine. Nilijua nikilipeleka gereji, dada zangu wa ushirika watasema Tabitha alishuhudia gari bovu. Mnacheka, lakini si mngesema?

Nikampata mtu mmoja mjini, kule Kirinyaga Road, mwenye mashine ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Akachomeka, akabonyeza, taa ikazimika. Hakutengeneza kitu, na mimi sikumuuliza. Niliimba njia nzima mpaka nyumbani. Ilipowaka tena nikarudi kwake, akaizima tena. Nilifanya hivyo mara nne, na kila mara nilisema asante Yesu.

Halafu magari yale hayana springi kama magari ya watu wa kawaida. Yanakalia mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Mfuko wangu mmoja ukaanza kuvuja. Jioni naliacha gari limesimama vizuri, asubuhi nalikuta limelala upande mmoja kama ng'ombe aliyeshiba. Ndugu zangu, nilifunga siku tatu, sili, sinywi, kwa ajili ya mpira uliotoboka!

Hayo ni ya kucheka, na mimi nacheka. Lakini kilichonileta hapa mbele si cha kucheka.

Kabla ya gari, kila Jumamosi nikienda dukani nilikuwa nashuka Kangemi na kwenda kwa mama. Bado anakaa chumba kilekile, alikataa kuhama. Tunakunywa chai, ananisimulia mambo ya majirani, namchana nywele, ndipo naendelea na safari. Nilipopata gari nikaanza kuiogopa ile njia ya kwenda kwake. Ina mashimo na mawe, nayo ile mifuko ya hewa ingekwisha kabisa. Nikamwambia, "Mama, uwe unakuja steji ya matatu. Nitakuletea vitu hapo." Hakulalamika. Aliniomba jambo moja tu: "Ukifika, piga honi mara mbili."

Mimi nilifikiri anataka majirani wasikie. Nikafurahi! Nikawa nafika kando ya barabara napiga honi mbili, tena kwa nguvu. Mama anakuja, anaweka kiganja juu ya gari kule nyuma, kisha analipapasa taratibu, hatua kwa hatua, mpaka dirishani kwangu. Dukani niliwaambia wenzangu, "Mama yangu analipenda hilo gari jamani, lazima alishike kwanza." Nampa mfuko wa unga na sukari. "Uko sawa, Mama?" "Niko sawa." Naondoka. Sikuzima hata injini. Miezi minane nilimwona mama yangu kupitia dirishani.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nikikaribia Kangemi, mshale wa joto ukapanda. Taa ya injini nilikuwa nimeizimisha Alhamisi. Nikaona mvuke mweupe ukitoka mbele, nikafaulu kulisogeza gari kando, pale pale steji. Wauza ndizi wakaniambia nishuke, nikashuka.

Nilikuwa na namba ya fundi mmoja, Mzee Bakari, Mwislamu kutoka Mombasa, mwenye gereji upande wa Woodley. Jirani yangu alinipa namba yake zamani, nami nilikuwa namkwepa kwa sababu nilijua huyo lazima atafungua bonneti. Nikampigia. Akasema kwa upole, "Zima gari, dada. Kifuniko cha maji usikiguse, utaungua. Nina kazi mkononi, nipe saa mbili nitakuja."

Nikageuka, na mama yangu alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka pale, na leso yake kichwani, ameelekea barabarani, anangoja. Gari langu la heshima linafuka mvuke mbele yake, mwanawe amesimama kando, na yeye anatazama barabara tu. Nilifikiri amenikasirikia. Nikaita, "Mama!"

Akageuka kuelekea sauti. "Tabitha? Ni wewe? Mbona hujapiga honi?"

Hata hapo sikuelewa, ndugu zangu. Nilimwambia gari limechemka, fundi anakuja. Akasema, "Basi twende nyumbani unywe chai. Utangoja hapa juani ukifanya nini?"

Tukateremka. Yeye mbele, mimi nyuma. Nikaona mkono wake wa kushoto hauachi ukuta wa mabati. Tulipofika kwenye mtaro alisimama, akautafuta ukingo kwa ncha ya kiatu, ndipo akavuka. Mtoto wa jirani alipita mbio akasema, "Shosho, kuna ndoo hapo," naye akaizunguka ndoo. Mtoto wa jirani alijua jambo nisilolijua.

Ndani akanikaribisha kiti, akachukua thermosi na kikombe. Akaingiza kidole ndani ya kikombe, pale juu kwenye ukingo, akamimina chai ya moto mpaka ilipogusa kidole chake. Akasimamisha. Hakushtuka, kwa maana alikuwa amezoea kuungua.

Nikamwuliza, "Mama, unaona?"

Alifunika thermosi kwanza. "Mwanga naona. Watu siwaoni vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Hakukasirika. Laiti angekasirika! Alinisogezea kikombe akasema, "Ningekuambia saa ngapi, mami? Ulikuwa hushuki."

Ndugu zangu, zile honi mbili zilikuwa ndiyo njia yake ya kujua gari langu ni lipi kati ya magari yote ya Waiyaki Way. Na kile kiganja nilichojisifia dukani kilikuwa kinanitafuta mimi. Mama yangu alikuwa anapapasa bati la gari akimtafuta mtoto wake, na mtoto alikuwa amekaa ndani na kiyoyozi, akitazama saa.

Nilipiga magoti pale kwenye sakafu, bila maikrofoni, bila mtu wa kuniwekea mikono. Nililia nikaomba msamaha, kwanza kwa Mungu, halafu kwa mama, halafu tena kwa Mungu. Nilisema, Bwana, nimekutumia. Nimechukua jina lako nikalipaka juu ya bonneti ili watu wanione. Mama alinishika kichwa akasema, "Kunywa chai, inapoa." Hapo ndipo nilipofunguliwa. Siku ile ya mafuta nilikuwa nimefurahi tu.

Mzee Bakari alipofika akafungua bonneti. Hakuchukua muda. Paipu ya plastiki ya maji ilikuwa imezeeka ikapasuka, na dalili zilikuwepo zamani. Akaniuliza, "Taa haikuwaka?"

Nikamwambia ukweli wote, na yule mtu wa mashine, na mifungo yangu. Nilidhani atanicheka. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Dada, taa ile si adui. Taa ile yakuita. Gari hili si baya, lakini lataka mtu wa kulisikiza."

Na mimi, watumishi wa Mungu, nilikuwa mtu wa kusikiza? Gari lilikuwa linaniita, sikusikia. Mama alikuwa ananiita kwa kiganja chake, sikusikia. Nilikuwa nasikia makofi tu.

Siku ya Jumatatu sikufungua duka. Nilimpeleka mama hospitali, tukakaa kwenye foleni pamoja kutwa nzima, akanisimulia mambo ya majirani ya miezi minane. Daktari akamwangalia akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji unaweza kumrudishia kuona. Haleluya! Fedha niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya mifuko ya hewa ya gari ikajulikana kazi yake.

Mzee Bakari alilitengeneza gari vizuri, taa ikazimika yenyewe kwa kuwa haikuwa na neno tena la kusema. Kisha nikaliuza kwa mhandisi mmoja anayeyapenda magari yale kwelikweli. Nilimwambia kila kitu, hata zile mara nne. Alicheka, akalinunua hivyo hivyo. Ndugu zangu, sijawahi kuuza kitu nikalala vizuri namna ile, na mimi ni mtu wa biashara!

Siwaambii msinunue magari ya Ulaya. Nunueni, Mungu awabariki, mnipe lifti. Wala siwaambii msiyaombee. Mchungaji, endelea kuomba. Ila mpendwa, kabla hujaleta gari hapa, mwite fundi afungue bonneti, na Mungu hatachukia. Na taa ikiwaka katika maisha yako, usimtafute mtu wa kukuzimia. Labda ni mke wako amenyamaza siku hizi. Labda ni mzazi anayekuambia niko sawa, niko sawa. Zima injini. Shuka. Ingia ndani unywe chai. Na kama unaogopa utakachokikuta, mwamini Mungu niliyemkuta mimi pale sakafuni, maana alinipokea nikiwa na aibu yangu yote.

Siku walipomfungua mama bandeji ya jicho la kwanza baada ya upasuaji, nilikuwa nimesimama mbele yake. Alinitazama, akanitazama, akanitazama. Nilingoja aseme Bwana asifiwe. Akasema, "Tabitha, umezeeka."

Nilicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Sijawahi kusikia neno tamu kama lile.

Leo nimekuja naye. Tumekuja kwa miguu kutoka steji, na mtaro wa pale getini aliuona kabla yangu, akanishika mkono nisianguke. Ndiye yule kwenye safu ya tatu, mwenye leso ya bluu. Mama, simama kidogo. Geuka uwaangalie hawa watu wote walioniombea, mmoja mmoja. Usiharakishe. Mimi nitangoja.